Mji wa Kwa Kakakuona

Kakakuona, mpenda kimya, alihamia kilimani peke yake. Akaja Ngiri kuomba kipande cha ardhi, akampa. Wakafuata wengine, mpaka kilima kikawa mji, ukaitwa Kwa Kakakuona.

Miaka ikapita. Siku moja mjukuu wa Ngiri, mwenyekiti wa mtaa, akampigia hodi.

"Mzee, tupishe. Kwenye shimo lako tunajenga mnara wa mwanzilishi wetu, marehemu Kakakuona."

"Kakakuona ndiye mimi, mjukuu wangu."

"Kila tunayemhamisha husema hivyo. Shahidi wako nani?"

"Babu yako."

"Babu tulishamzika."

Kakakuona hakuwa na nguvu za kubishana. Akashuka bondeni, akaanza kuchimba upya. Shimo halijafika hata magotini, Nguchiro akatokea na mzigo kichwani.

"Shikamoo, mzee. Hapa panaitwaje?"

"Marahaba. Kwa Nguchiro," alijibu Kakakuona, akaendelea kuchimba.