Macho Hukauka Jumapili

Mtu akifikisha miaka sitini, neva zake huunganishwa na simu ya mwanawe ili amtunze afya. Mama Nambua hakuona ubaya, kwani bintiye Nakijwa alikuwa mwema. Lakini kila Jumapili, akijiandaa kwenda kwa Mzee Mbwambo aliyetaka kumwoa, macho yalimkauka na kuwasha kama yametiwa mchanga.

Kliniki, daktari alimpima. “Seli zinazotoa ute wa kulowesha macho ni nzima, mama. Neva inayoziendesha ndiyo inazimwa, na inazimwa kutoka nyumbani kwako.”

Aliporudi alimuuliza bintiye, “Mbona unanizimia macho, mwanangu?”

“Baba hajamaliza hata miaka miwili kaburini, mama.”

Nakijwa aligusa simu. Macho ya mama yakalowa papo hapo, naye hakujua kama analia mwenyewe au analizwa.