Mabati ya Agneta

Siku ya tano, Mathenge alikuwa bado hajapita kwenye mlango wa nyumba aliyokuwa akiitengeneza. Aliingia kwa dirisha la nyuma na kutoka kwa dirisha hilo hilo. Muda mwingine wote alishinda juu ya paa. Vijana wa kuchanganya saruji walimcheka.

"Mzee, wewe ni fundi ama mwizi?"

Alitia misumari mdomoni akaendelea na kazi.

Nyumba ilikuwa ya Agneta, mjane wa Tongaren. Kipindi kimoja cha runinga kilikuwa kimemchagua, kimtengenezee nyumba bure huku nchi nzima ikitazama. Mwenyewe alipelekwa hoteli mjini Kitale wiki nzima, na boma lote likazungushiwa turubai ili hata majirani wasione kitu kabla ya Jumamosi. Judy, msimamizi wa kipindi, alikuwa amewapata mafundi huko huko Kitale. Mathenge aliposikia kazi ni ya nani, alipanda gari kabla hajauliza malipo.

Alikuwa fundi mzuri, ila wa ajabu. Vijana walipoanza kuchimba msingi wa baraza, aliwaambia kutoka juu wasogee kushoto, hapo kuna jiwe. Walimpuuza. Jembe la kwanza likagonga jiwe.

Aliyewapikia ni Nabwile, jirani pekee aliyeruhusiwa kupita turubai. Alihamia Tongaren baada ya mume wa Agneta kutoweka, lakini habari za nyumba ile alizijua zote. Mchana wa siku hiyo alikaa chini ya ngazi akichambua kunde, akasimulia bila kuulizwa. Mume wa Agneta, Wekoye, alipakia mahindi ya mwaka mzima akaenda Kitale kuyauza, arudi na mabati. Nyumba ilikuwa ya nyasi wakati huo, na mvua ilikuwa karibu. Hiyo ni miaka ishirini na mbili sasa. Agneta alimtafuta hospitalini na mochari mpaka akachoka. Watoto walilala na mabeseni ya kukingia mvua kitandani. Baadaye kanisa lilimpa mabati makuukuu yenye matundu, akahamisha mabeseni tu kutoka pembe hii hadi ile.

"Nilimjua," Mathenge alisema.

Nabwile aliinua uso. "Wekoye? Wewe mtu wa Kitale?"

"Siku aliyofika na mahindi, nilikuwa naye."

"Na hayo mahindi?"

Nyundo ilinyamaza. "Yaliuzwa. Yakanywewa. Siku mbili tu."

"Mlikunywa pamoja."

"Pamoja."

Nabwile alinung'unika kwa Kibukusu kwamba leo kuna mtu atakula ugali mkavu. Mathenge akasema kwa Kiswahili kwamba ni haki yake.

"Ati unasikia Kibukusu?"

"Kitale mtu husikia lugha zote, mama."

Akaongeza, kama anayezungumza na msumari, kwamba Wekoye aliogopa kurudi mikono mitupu. Akasema kesho. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka.

"Halafu akafa," Nabwile alisema.

Mathenge alipigilia msumari ule mpaka kichwa chake kikabonyeza bati.

Nabwile alimwambia amalize paa, kisha Jumamosi amwangukie Agneta mwenyewe, amwambie alivyomharibia mume. Mathenge akasema Jumamosi hatakuwepo. Atapiga msumari wa mwisho asubuhi, arudi Kitale.

Ijumaa Judy aliliona kaburi karibu na ua. Lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mbao uliofutika maandishi. Alitaka litiwe saruji na kupakwa rangi nyeupe, kwa sababu kamera ingepita pale. Nabwile alimweleza kwamba humo hamna mtu. Mwili ulipokosekana, ukoo ulizika shina la mgomba, ndivyo inavyofanywa huku. Judy akasema kwa kamera ni sawa tu, na kazi akampa Mathenge.

Alipiga plasta, ikatoka mawimbi. Akaikwangua. Mara ya tatu ndipo ilipokubali. Kwa ncha ya msumari akaandika WEKOYE kwenye saruji mbichi, kisha akauliza aandike amekufa mwaka gani.

"Andika ule alioenda kuleta mabati," Nabwile alisema.

Jumamosi mabati ya kufunika kilele cha paa yalichelewa kutoka Kitale. Magari yalipoingia na umati nyuma yake, Mathenge alikuwa bado juu, amelala kifudifudi. Agneta alishuka akiwa amefungwa kitambaa machoni. Judy akahesabu mpaka tatu, akamfungua.

Watu walipiga vigelegele. Agneta hakupiga. Alitazama mabati mapya kwa muda mrefu hata Judy akaanza kumwashiria mpiga picha. Kisha akauliza nani aliyaezeka.

Vijana walimshusha Mathenge kwa ngazi wakimsukuma na kucheka, wakamleta mbele. Judy akataka fundi amshike mama mkono, wafungue mlango pamoja, waingie. Kamera ikasogea. Mathenge alisimama kwenye kizingiti akikodolea macho chini, na mguu ukakataa kuinuka.

"Ingia, fundi, si ni kazi yako?" Judy alisema.

Agneta alimtazama viatu, kisha mikono, kisha uso. Hakuharakisha. Akamgeukia Judy.

"Mwambie mume wangu azunguke nyuma," alisema. "Mtu tuliyemzika hapiti mlango wa mbele."