Mstari Mtupu

Siku hizi ukifuta jambo kwenye waraka wa familia, ukoo mzima unalisahau, isipokuwa wewe uliyefuta. Basi mimi mstaafu nisiyeona, ambaye kompyuta hunisomea kila mstari kwa sauti, nina raha ya mfalme. Juzi nilifuta ule mkasa wa kukimbizwa na bata mzinga wa baba mkwe hadi juu ya paa la choo, siku ya posa yangu. Mke wangu Mwanaidi, aliyenicheka maisha yote, nikamjaribu.

"Bata mzinga gani?" akauliza.

Nilicheka hadi kiti kikalia.

Leo, vidole vikiniwasha, nikapanda juu ya waraka hadi kwenye majina ya watoto. Sauti ikasoma: "Watoto wetu. Mstari mtupu. Tunu. Shomari."

"Mwanaidi, hapa juu ya Tunu palikuwa na nani?"

Mwiko wake ukanyamaza sufuriani.

"Baba," akasema, akakwama kidogo kama kawaida yake kila aniitapo, "Baba Tunu, ufute tu huo mstari. Njoo ule."

Kidole changu hakikuthubutu. Kuhusu bata mzinga, aliuliza ni yupi. Kuhusu huyu, hakuuliza.