Viazi vya Okidi

Nungunungu mmoja mjamzito aliishi na mama mkwe wake katika msitu wa mlimani, kwenye ukungu. Chakula chao kilikuwa okidi, ua lenye viazi viwili ardhini: kinono cha mwaka huu, na kilichokunjamana cha mwaka jana. Kila siku mama mkwe alichimba kilichokunjamana, kinono akakifukia tena.

"Mama, hivyo vinono unamfichia nani? Wifi?"

"Namfichia huyo aliye tumboni mwako."

Uzee na uchoyo ni mtu na dada yake, akajisemea mkamwana.

Mkwewe alipokwenda matangani, mkamwana akafukua vinono vyote, akala mpaka akapiga mbweu.

Mvua ikaja, okidi haikuchipua hata moja. Mtoto akaja, maziwa hayakutoka.

"Mama, nipe basi hata kilichokunjamana."

"Kilichokunjamana ndicho kile kinono kikishazeeka, mwanangu. Wewe ulikila kingali kichanga."

Mtoto alilia siku tatu. Siku ya nne msitu ulikuwa kimya, na bibi yake alikuwa anachimba, wala hakuwa akitafuta chakula.