Jina la Mke wa Kwanza

Marit alikuwa akitarizi jina lake mwenyewe, ambalo mjukuu wake angelirithi, kwenye gauni la ubatizo la mtoto huyo, barua ya kanisa ilipofika kutoka Norwe. Alikuwa ameliomba kanisa tarehe moja tu ya kujaza kwenye kitabu cha ukoo: siku aliyokufa mke wa kwanza wa baba yake. Kwa desturi ya Wanorwe, baba alipooa tena huku Marekani, binti wa kwanza alipewa jina la marehemu. Binti huyo ni yeye.

Alisoma, akamsukumia mdogo wake barua kama kitu kinachonuka.

"Alikuwa hai, Halvor! Mimi nabatizwa, yeye yuko kule Norwe analishwa kwa zamu kama fukara, nyumba hadi nyumba. Kafa mimi nina miaka kumi na tisa!"

"Dada, baba mwenyewe keshakufa. Yaache."

"Na machozi yalikuwa yakimlengalenga kila akiniita. Mfyuu!"

Akachukua sindano, akaanza kufumua herufi moja moja kutoka mwisho. Ikabaki M, nyekundu kwenye kitambaa cheupe. Hapo mkono ukasita. Jina lile halikuwa la baba. Lilikuwa la yule mama aliyeachwa Norwe. Uzi uliofumuliwa bado ulikuwa umemzunguka kidoleni.