Sakafu ya Kibaraza cha Mwenyekiti

Ulikuwepo. Usinikazie macho sasa, ungeyakaza siku ile. Siku mabati yalipong'olewa ulikuwa unafunga kamba za kiatu. Siku ya nguzo ulishikwa na kikohozi cha ghafla. Na Jumatano ya sakafu ulikuwepo vilevile, umekaa, unahesabu mapanga ya feni kana kwamba yanaongezeka.

Basi sikia ulichokataa kukiona.

Saa tatu asubuhi, mwanaume mzima mwenye tai na tumbo la heshima alilala kifudifudi sakafuni, shavu amelibandika kwenye kigae.

"Kina ubaridi mzuri," alisema. "Mke wangu, njoo ulale usikie."

"Silali chini mimi, Mwenyekiti."

Mwenyekiti ndilo lilikuwa jina lake tangu achaguliwe kuongoza mtaa. Hata mkewe alimwita hivyo, hata chumbani. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kibaraza kipya: nguzo sita, paa la mabati ya buluu, dari ya mbao, viti vya kusukwa vyenye mito. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa pa kukanyaga. Chini palikuwa udongo mtupu, na kuku walishapafanya kwao.

Na Jumamosi dada mkubwa wa mke alikuwa anakuja. Dada huyo alitangulia kuolewa, akatangulia kujenga, akatangulia kuwa na kibaraza. Mwaka jana aliuliza mbele ya ukoo mzima, huku anachokoa meno, "Na nyinyi bado mnapunga upepo jikoni?" Mke akajibu kwamba wana kibaraza kizuri kuliko chake. Hawakuwa nacho. Sasa alikuwa amempa mumewe neno moja tu: dada akikanyaga udongo Jumamosi, mimi napanda gari lake, tunaondoka wote, na sirudi.

Ndiyo maana walikuwa wanazunguka na fundi tangu kulipokucha. Pa kwanza vigae vilikuwa vipana, lakini vimejaa madoa ya wino, na kelele za watoto zilimpandisha mke presha. Pa pili kulikuwa na mbao zinazong'aa, ila watu wenye vitabu waliwataka wanong'one muda wote. Fundi alizigonga kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hizi ni za ndani, bosi. Mvua ya upepo ikizipiga siku mbili tu, zinavimba kama mkate kwenye chai."

Hapa pa tatu palikuwa na watu wengi. Walikaa kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, kila mmoja na kikaratasi cha namba mkononi. Mhudumu alipita na trei, akamruka Mwenyekiti.

"Mzee, kuna foleni."

"Sisi hatukai sana, mwanangu. Niambie tu, hivi vikilowa vinateleza?"

"Havitelezi."

"Hata vikimwagikiwa juisi?"

"Vikimwagikiwa chochote."

"Chochote kama nini?"

"Mzee," mhudumu alisema kwa uchovu, "chochote."

"Na madoa?"

"Doa lililotushinda hapa halijazaliwa."

Mwenyekiti alimkonyeza mkewe. Fundi akaongeza kwamba vinapitiwa na magurudumu mchana na usiku, vinapigwa deki kwa dawa kali mara tatu kwa siku, na tazama, hakuna hata kimoja kilichochubuka. "Vya siku hizi ukidondosha kijiko vinapasuka, mama. Hivi ni vya enzi zile."

Mke akavua viatu. Akatembea mpaka dirishani, akarudi kwa madaha kama bibi harusi. Rangi zilikuwa mbili: kijani huku, nyeupe ng'ambo ya korido. Akawageukia waliokaa.

"Jamani, nyinyi mnaonaje? Kijani au nyeupe?"

Watu walitazamana. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasafisha koo. "Kijani, mama. Kinapumzisha macho ukikaa sana."

"Wewe umekaa tangu saa ngapi, babu?"

"Tangu alfajiri."

"Umesikia?" Mwenyekiti alinyanyuka kwa furaha. "Tangu alfajiri, na bado yupo! Kwa dada yako mtu anakaa nusu saa anaaga."

"Lakini nyeupe ndiyo ya kisasa, bosi," fundi alidokeza.

"Dada anayo nyeupe," mke alisema, na shauri likaishia hapo.

Fundi alivuta utepe wa kupimia. Mita kumi kwa sita, na vichache vya akiba kwa ajili ya kona. Alipiga hesabu kwa penseli kwenye kiganja, midomo ikicheza. Mke alimtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Vinatosha?" aliuliza.

"Vinatosha na kubaki, mama. Nikianza sasa hivi, Ijumaa jioni unapiga deki kwako."

"Basi unangoja nini?"

Fundi akapiga magoti, akatoa nyundo na patasi kwenye mfuko. Mwenyekiti akaipangusa tai yake vumbi, akaomba kwa adabu: "Samahanini jamani, nyanyueni miguu kidogo."

Wagonjwa wote wakanyanyua. Mwenye plasta mguu mzima alisaidiwa na jirani yake.

Na wewe wa benchi la pili, shusha miguu yako. Vikanyage hivyo vigae, vikanyage sasa hivi, kabla patasi haijafika ulipo.