Konokono wa Pimbi

Aliyeisimulia kwanza ni shangazi yetu Mwanahawa Tosiri, mwaka 1968, siku ya pili ya harusi ya mdogo wake.

Pimbi dume na Pimbi jike walipoachana, mapango waligawana bila kelele. Akabaki Konokono, waliyemlea tangu mdogo. Kila mmoja alimtaka, wakampeleka kwa Kobe, hakimu wa majabali yale.

Kobe akasema, "Desturi yetu ni moja. Awekwe katikati. Atakayemfuata ndiye mwenyewe."

"Mzee, huyu ana hila," alisema Pimbi dume, aliyeshuku kila kitu. "Asimame mbali, asije akamnong'oneza."

"Na wewe simama mbali zaidi," alijibu Pimbi jike, asiyekubali kushindwa. "Hata nikiwa nyuma ya kilima, atanifuata mimi!"

Wakapimiwa hatua mia kila upande. Siku ya kwanza Konokono alielekea kwa mke, ya pili akageukia kwa mume. Siku ya tatu jua likawa kali, akaanza kukauka. Mume akaja mbio na jani la kumfunika. Mke alikwisha fika, anamnyunyizia maji.

"Unamvuta?" aliuliza mume.

"Namnywesha, bwana wee! Shika hilo jani vizuri."

Tangu hapo hukutana kila siku, jani na maji, kisha kila mmoja hurudi pangoni kwake. Hawajarudiana, wala hawagombani.

Shangazi alifariki mwaka 1990. Kobe yu hai, na Pimbi wote wawili. Konokono naye yu hai. Bado yuko njiani.